Gari Lililochaji kwa Maiti

Betri ilikuwa imewekwa chini juu ya gunia, hatua mbili kutoka kwenye gari, na bado taa nyekundu ya chaji iliendelea kuwaka kwenye dashibodi.

Manorama aliitazama taa ile. Akachomoa ufunguo. Taa ikaendelea kuwaka. Akapeleka mkono nyuma ya dashibodi, akachomoa waya wake mmoja, kisha wa pili. Taa ikawaka hivyo hivyo, haijaunganishwa na kitu chochote, hafifu kama kaa lililofunikwa majivu. Kisha ikazimika yenyewe, taratibu, kama mtu anayefumba jicho.

"Umeona, mama?" Klaudia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona. Mimi si kipofu."

Ilikuwa saa nne asubuhi, Novemba mwaka 1987, uani kwa Manorama mjini Bukoba. Manorama alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja. Mumewe Dhirubhai, alipokuwa hai, aliuza vipuri vya magari, na yeye nyuma ya duka alisuka dainamo zilizoungua, waya kwa waya, mpaka vidole vyake vikawa vigumu kama pembe. Wahindi wenzao wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, wengine kabla ya vita vya mpakani vya mwaka 1979, wengine baada yake. Wanawe walimwandikia kutoka ng'ambo wakimsihi awafuate. Aliwajibu kwamba toka Bukoba hadi Biharamulo hakuna mwingine anayejua kusuka dainamo, na kwamba akichoka atawaambia.

Klaudia alikuwa muuguzi na dereva wa zahanati ndogo ya parokia huko Kimwani, Muleba. Alijifunza kuendesha wakati wa vita, akibeba majeruhi. Gari lenyewe, la dizeli, lenye turubai nyuma, lilikwenda vitani pia. Liliporudi lilikuwa na dainamo ngeni ambayo hakuna aliyejua imetolewa kwenye gari gani. Miaka ya mwanzo lilisumbua kidogo tu. Lakini tangu vifo vianze kuzidi, vifo vya Ukimwi, ule ugonjwa ambao watu waliuita Juliana kwa jina la kitambaa cha magendo, gari lilikuwa limekataa kabisa kuchaji.

Manorama alikuwa amekwisha kulitengeneza mara mbili. Alibadilisha mkanda wa feni na makaa ya dainamo. Alifunga katauti mpya, kile kisanduku kinachopima moto unaokwenda kwenye betri. Alisugua kwa msasa kila mahali waya ulipogusa bodi. Alipima maji ya betri, seli moja moja. Kila kitu kilikuwa kizima, na gari lilikuwa bovu.

"Sasa sahau gari," alisema, akiketi juu ya kopo la rangi. "Niambie safari. Mara ya mwisho ilikufa wapi?"

"Ngenge, kwenye matope. Nilikuwa na mama mwenye homa ya mapafu."

"Na kabla ya hapo?"

"Njia ya Muleba. Mtoto aliyeungua."

"Walifika?"

Klaudia alitikisa kichwa. "Mama alifia mikononi mwangu. Mtoto vilevile."

"Kurudi je? Ulirudishaje gari nyumbani?"

Klaudia alifungua mdomo kujibu, akaligeukia gari. Manorama alimwona rangi ikimtoka usoni.

"Liliwaka," Klaudia alinong'ona. "Mgonjwa akishakata roho, liliwaka lenyewe. Kwenda na maiti halijawahi kunizimikia, mama. Hata siku moja."

Walitazamana. Kutoka ndani ya boneti, ambako hakukuwa na betri wala ufunguo, kilisikika kitu kikizunguka nusu mzunguko, kikasimama.

Manorama aliinuka. "Mimi siamini mpaka nipime," alisema.

Nafasi ya kupima ilipatikana siku ile ile. Mzee Lwakatare, mkulima wa kahawa wa Kimwani, alikuwa amefariki alfajiri hospitalini, na wanawe wawili walikuwa wakimsubiri Klaudia na jeneza. Manorama alifunga betri nzuri kutoka dukani kwake, akapitisha nyaya mbili toka kwenye dainamo hadi ndani, akakaa kiti cha abiria na mita mapajani.

Toka uani hadi hospitali sindano ya mita ililala kwenye sifuri. Jeneza lilipoingizwa nyuma na wale wana wawili kuketi kando yake na rozari zao, sindano ikapanda: kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Ikatulia pale bila kutikisika. Injini ikalainika. Taa zikawaka kwa nguvu ingawa ilikuwa mchana. Harufu ikaingia, harufu ya lubugo lililolowa, lile gome la mti ambalo wazee wa Kihaya huzikwa nalo, ingawa Mzee Lwakatare alivishwa shuka jeupe. Na chini ya mngurumo wa injini dainamo ilikuwa ikivuma mvumo wake mwembamba, wenye kupanda na kushuka, kama mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula na sasa anakula bila haraka.

"Unasikia?" Klaudia aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Endesha," Manorama alisema. Macho yake hayakutoka kwenye sindano.

Walifika Kimwani jioni. Jeneza lilipogusa ardhi, sindano ilianguka hadi sifuri na injini ikazima. Usiku gari lilisukumwa hadi zahanati, na Manorama akalala huko.

Asubuhi iliyofuata habari zilikuwa zimekwisha kuenea, na Karugendo akaja. Alikuwa omufumu, mganga wa mizimu, mtu mrefu mwenye koti la kijeshi lililochanika. Wakristo wa parokia walimkwepa mchana na kumtafuta jioni. Alilizunguka gari mara moja tu. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi kama aliyeungua.

"Mizimu yetu naijua," alisema. "Ina majina, ina koo, ina adabu. Hiki hakina kwao. Ni jini lililozaliwa kwenye mashimo ya vita, likapanda gari hili kuja kutafuta chakula. Na hapa limekuta meza imeandaliwa."

"Linataka nini?" Klaudia aliuliza.

"Linataka pumzi ya mwisho. Mkilinyima, litachukua lenyewe kila mnayembeba. Lakini likipewa kwa hiari, waitu, ndugu yangu, likipewa mmoja na mkono wa dereva mwenyewe, litashiba. Litatulia mwaka mzima. Utaokoa wengi."

Wakati huohuo watu wanne walitokea kwenye njia ya migomba wakiwa na machela. Nyuma yao alitembea Theopista, mwanamke wa Ngenge ambaye Klaudia alimzalisha mtoto wake wa mwisho. Juu ya machela alikuwa mwanawe mkubwa, Clavery, mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa miaka ishirini na saba. Klaudia aliinua blanketi. Macho yalikuwa yamezama. Ngozi ya mkono alipoibana ilibaki imesimama kama kitambaa.

"Wiki nzima anaharisha na kutapika," Theopista alisema. "Maji hayakai. Sista, wamenicheka njiani. Wanasema namsumbua mtu aliyekwisha kufa."

Karugendo alimsogelea Klaudia, akamnong'oneza sikioni, lakini kila mtu alisikia. "Huyu ana Juliana. Hata akipona leo, atakufa. Ana siku tatu. Humwibii kitu. Mpandishe tu, washa gari, useme: chukua."

Theopista alikaa chini kwenye nyasi. Hakulia. Alimtazama Klaudia tu.

Klaudia alikuwa amezika mume. Mutembei alikufa kwa ugonjwa huohuo miaka miwili nyuma, na siku zake za mwisho watu walizungumza juu yake mbele yake kama vile tayari yuko chini ya udongo. Alikumbuka jinsi Mutembei alivyokuwa akigeuza uso ukutani. Hasira ilimpanda, na kwa mara ya kwanza tangu jana akajikuta haogopi.

"Ana siku tatu?" alisema kwa sauti, na hakuwa akisema na Karugendo bali na ile boneti. "Hizo tatu ni zake. Si zako. Kinachomuua leo ni ukosefu wa maji mwilini, na dripu ziko Bukoba, na mimi nampeleka Bukoba. Hupati hata kikohozi chake."

Ndani ya gari taa nyekundu iliwaka.

"Utampelekaje?" Karugendo alifoka. "Litazima!"

Manorama ndiye aliyejibu. Alikuwa amekwisha kufungua boneti na spana mkononi. "Gari ya dizeli ikishawaka haihitaji umeme," alisema. "Ni vali moja tu, hii hapa kwenye pampu. Ikikosa moto inafunga njia ya dizeli, ndiyo maana injini inazima. Nitaitoa utumbo ibaki wazi. Nitatoa dainamo, katauti, betri, nyaya zote. Jini linakaa kwenye umeme? Basi hakuna umeme."

"Na kuliwasha?"

"Mtalisukuma mteremkoni. Lakini sikia, Sista. Ikizima njiani, imekwisha. Usisimame mpaka Bukoba. Kwa mtu yeyote."

Alifanya kazi kwa haraka kuliko Klaudia alivyowahi kumwona. Nyaya zilitoka kama matumbo ya kuku. Dainamo ilipofunguliwa bolti ya mwisho, ilimponyoka mikononi ikaanguka, kifuniko chake kikafunguka, na Manorama akapiga magoti kuitazama, akabaki hapo.

"Mama? Nini?"

Manorama aliinua ncha ya waya wa shaba kwa ukucha. Chini ya shaba kulikuwa na safu nyingine, nyeusi, iliyozungushwa kwa ustadi uleule, mzunguko kando ya mzunguko, na chini yake shaba tena, kisha nyeusi tena. Ilikuwa nywele. Nywele za watu, ndefu na fupi, zilizofungwa fundo kwa fundo mpaka zikawa uzi mmoja usiokwisha.

"Miaka thelathini nasuka," Manorama alisema taratibu. "Umeme haupiti kwenye nywele." Akaivuta dainamo kwake. "Nenda. Hii niachie mimi."

Clavery alilazwa nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Wanaume wanne walisukuma. Hata Karugendo, baada ya kusimama kando kwa muda, aliweka bega. Gari liliteremka, Klaudia akaachia klachi, na injini ikanguruma. Dashibodi ilikuwa imekufa kabisa, haina sindano wala taa, na Klaudia hakuwahi kuona kitu kizuri kama giza lile.

Mvua iliwakuta kabla ya Muleba. Hakukuwa na waipa, kwa hiyo aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, maji yakimpiga machoni. Kwa saa nzima hakukuwa na kitu ila mvua na matope na sauti ya Theopista akimhesabia mwanawe pumzi. Kisha ile harufu ya lubugo lililolowa ikaingia.

"Sista," Theopista alinong'ona. "Kuna mtu wa tatu huku nyuma."

"Usimtazame. Mtazame mwanao."

"Ananiomba tupumzike kidogo. Anasema mwanangu amechoka."

"Mwambie hajachoka."

"Mimi..." Theopista alimeza mate. Kisha Klaudia akasikia sauti yake ikibadilika, ikawa ile ambayo wanawake wa Ngenge hutumia kufukuzia nyani shambani. "Hajachoka! Ondoka kwa mwanangu!"

Turubai lilipigwa toka ndani kwa nguvu, mara moja, mara mbili, kisha kimya. Na barabarani wakaanza kuonekana. Wa kwanza alikuwa mtoto aliyeungua, kando ya barabara, ameinua mkono kuomba lifti. Klaudia alijua ni nani na hakupunguza mwendo. Mbele kidogo alisimama mama wa homa ya mapafu, na baada yake Mzee Lwakatare, na baada ya Mzee Lwakatare wengine, wote aliowahi kuwabeba, wamejipanga kando ya barabara kama watu wanaosubiri basi siku ya soko, mikono juu, midomo ikisema neno moja asilolisikia, na kila alipompita mmoja injini ilikohoa na gari likapoteza kasi kana kwamba limefungwa kamba nyuma na watu wanaivuta, mpaka akashuka gia ya tatu, kisha ya pili, huku akisali Salamu Maria na kutukana katika pumzi ileile.

Alipopinda kona ya mwisho kabla ya mlima, Mutembei alikuwa amesimama katikati ya barabara.

Alikuwa amefungwa lubugo alilozikwa nalo, limeachwa wazi usoni. Alikuwa mnene kama kabla ya kuugua. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, vile alivyotabasamu yeye tu, na kupitia mvua yote ile sauti yake ikaja karibu kabisa, kama mtu anayeongea kando yako kitandani.

"Klaudia. Simama kidogo, nikuone."

Mguu wa Klaudia ulikwenda wenyewe kwenye breki. Aliuona ukienda. Aliona pia, kwa sababu alikuwa muuguzi na macho yake yalizoea kutafuta kisichokaa sawa, kwamba mvua ile iliyokuwa ikiipiga barabara hadi ikawa mto, iliyokuwa ikimlowesha yeye hadi mifupani, haikuwa imemgusa mtu yule hata tone. Lubugo lilikuwa kavu, nyusi zilikuwa kavu, na miguuni pake matope yalikuwa laini, hayana alama ya unyayo. Na hata alipoliona hilo moyo wake uliendelea kumwambia ni yeye, ni yeye, ungefanya nini kama ni yeye, na nyuma Clavery akatoa sauti ndogo kavu ya koo, sauti ya mtu aliye hai anayetaka maji.

Klaudia aliondoa mguu kwenye breki, akakanyaga mafuta hadi mwisho.

"Nakupenda!" alipiga kelele. "Toka njiani!"

Gari lilipita. Hakukuwa na kishindo. Kulikuwa na baridi iliyoingia kifuani ikatokea mgongoni, sauti kama ya nguo kubwa inayochanwa, kilio kirefu ambacho hakikuwa cha Mutembei wala cha mtu yeyote aliyewahi kuwa na mama, na kisha mvua tu, matope tu, na injini ya dizeli ikipanda mlima bila kukohoa.

Huko Kimwani, jikoni mwa zahanati, Manorama alikuwa akifumua dainamo tangu wao waondoke. Alisimulia baadaye kwamba shaba ilimrusha kwa shoti mara sita ingawa haikuunganishwa na kitu. Mara ya sita alianguka chali, na Karugendo, aliyekuwa amekaa mlangoni kama mtu aliyekuja kutazama tu, alivua koti lake la kijeshi, akajifunga nalo mikononi, akashika ule uzi wa nywele na kuuvuta yeye. Walifanya kazi hivyo pamoja, mganga akivuta, mama akifumua. Kila fundo walilitupa motoni. Karugendo aliomba kwa Kihaya, Manorama kwa Kigujarati, na hakuna aliyemwuliza mwenzake anaomba nini. Fundo la mwisho lilipoungua, moto ulizima wote kwa mara moja, ukabaki moshi. Asubuhi walilifukia gamba la dainamo chini ya mti mkavu wa kahawa. Karugendo alikataa kulipwa, na hakulivaa tena lile koti.

Hospitalini walimtundikia Clavery dripu kabla hawajamaliza kuandika jina lake. Siku ya tatu alikaa kitandani. Siku ya tisa Klaudia alikuja kumchukua. Gari bado lilikuwa halina hata waya mmoja.

Njiani kurudi, walipofika kijiji cha akina Mutembei, alisimamisha gari, akaliacha likinguruma, akamwomba Theopista akanyage mafuta kidogo kila likitaka kuzima. Alikatiza migomba ya kibanja cha mkwe wake hadi kaburini. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake. Aling'oa chache, akazishika mkononi.

"Sijui ulikuwa wewe au hukuwa wewe," alisema. "Kama ulikuwa wewe kweli, umekuja kuniona, nikakupita juu. Nisamehe." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini ukisimama tena mbele ya mgonjwa wangu, Mutembei, nitapita tena. Ujue hivyo."

Alisubiri. Mahali fulani chini ya mteremko mtu alikuwa akipasua kuni.

"Sista!" Clavery alipiga kelele toka barabarani, sauti yake bado nyembamba, yenye kukwaruza, lakini ya mtu aliyekasirika kwa afya. "Dizeli inaisha! Na mimi nina njaa! Mama ameniahidi ndizi na maharage!"

"Nakuja," Klaudia alisema, akatupa zile nyasi, akakimbia.